Shule za msingi za serikali Mwanza: nani anaamua nini, na matokeo yanasomwaje?

Mzazi_Kishili:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwongozo kwa wanaoujua mfumo wa shule zetu kwa undani.

Mzazi akichaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi ya serikali ndani ya Jiji la Mwanza, anakutana na mambo manne kwa mpigo: madarasa yamefurika, mwalimu wa Hisabati hayupo, matundu ya choo hayatoshi, na ukutani kuna karatasi inayosema ufaulu ni mzuri. Akianza kuuliza, kila anayemfuata anamwelekeza kwa mwingine. Nani hasa ana mamlaka juu ya nini? Fedha inayoingia shuleni ni kiasi gani na kamati ina nguvu gani juu yake? Na ule ufaulu unaotangazwa unapimwa vipi, maana watoto wanafaulu lakini kugawanya kwa tarakimu mbili hawawezi?

Naomba majibu ya kufanyia kazi, tafadhali.

Kalamu_Nyekundu:

Karibu ndugu. Watu wanazungushwa kwa sababu shule moja ina wakubwa kadhaa, na kila mmoja ameshika kipande chake. Ukimwomba mtu kipande asichokishika, hata akiwa na nia njema hana la kufanya.

Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala na udhibiti ubora. Kuendesha shule yenyewe ni kazi ya Ofisi ya Rais TAMISEMI kupitia halmashauri. Mkoa wetu una halmashauri 8: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kila moja ina Mkurugenzi wake na bajeti yake. Mtu wa Igoma na mtu wa Nyakato wanapanda daladala moja, lakini wa kwanza yuko Jiji na wa pili yuko Ilemela, kwa hiyo barua zao haziendi ofisi moja. Barua nyingi zinalala kwa sababu hiyo tu.

Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Baraza la Madiwani linapitisha bajeti na kumhoji, ila halikumweka wala haliwezi kumwondoa. Chini yake yuko mkuu wa divisheni ya elimu ya awali na msingi, ambaye wengi bado wanamwita Afisa Elimu Msingi, na huku kwetu mtaani yuko Afisa Elimu Kata. Huyu wa kata anafuatilia mahudhurio na ufundishaji na kupeleka taarifa juu. Hana kasma, yaani fungu la bajeti, ya kujenga choo, kwa hiyo msimlaumu kwa choo.

Suala la walimu ndilo linalochanganya zaidi. Ajira mpya inahitaji kibali cha Ofisi ya Rais Utumishi, na siku hizi usaili unapita Sekretarieti ya Ajira. Nidhamu na kupanda madaraja viko Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, yenye ofisi yake wilayani. Uhamisho ndani ya halmashauri ni wa Mkurugenzi. Kati ya halmashauri mbili za mkoa mmoja ni wa Katibu Tawala wa Mkoa. Ukivuka mkoa ni TAMISEMI. Sasa ona kosa linalofanyika: kamati inaandika "tunaomba walimu wa Hisabati", Mkurugenzi anajibu kwa haki kabisa kwamba haajiri, na faili linafungwa.

Andikeni tofauti. Ombeni mgawanyo wa walimu waliopo upangwe upya, maana huo uko mikononi mwake na hausubiri ajira. Mara nyingi halmashauri ina walimu, ila wamejaa kwenye shule zilizo karibu na lami na nyumba nzuri za kupanga, huku shule za kata zinazokua zikibaki na wachache. Kwenye barua wekeni ikama: idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, mikondo, walimu waliopo na masomo wanayofundisha, na vipindi vya Hisabati kwa wiki ambavyo havina mtu. Barua yenye vipindi visivyo na mtu ni ngumu kuikwepa kuliko barua ya malalamiko.

Nafasi ya diwani: yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, WDC, na mtendaji wa kata ni katibu. Jambo la shule likiingia kwenye muhtasari wa WDC lina njia rasmi ya kufika halmashauri. Likibaki maneno ya barazani linaishia pale pale.

Kuna mlango mmoja ambao kamati nyingi haziugongi, nao ni wadhibiti ubora wa shule, waliokuwa wakiitwa wakaguzi. Wako chini ya Wizara, hawawajibiki kwa Mkurugenzi, ndiyo maana wanaweza kuandika ukweli mchungu. Wakitembelea shule wanaacha taarifa yenye mapendekezo. Kamati ina haki ya kuisoma. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba inapokelewa, inawekwa kwenye jalada la mwalimu mkuu, na haiwi ajenda hata siku moja. Kwenye kikao chenu cha kwanza iombeni, muangalie pendekezo gani lilitolewa na nani alipaswa kulitekeleza.

Mhasibu_Ziwani:

Naongeza upande wa fedha, maana wazazi wengi wanadhani shule inapokea mamilioni mengi, na wengine wanadhani haipokei kitu.

Tangu Januari 2016 elimumsingi haina ada. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 zinaingia akaunti ya shule na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Chukua shule ya wanafunzi 1,800, ukubwa wa kawaida kabisa kwa kata za pembezoni mwa Jiji. 6,000 mara 1,800 ni 10,800,000 kwa mwaka, sawa na 900,000 kwa mwezi. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Hiyo 500 ndiyo inayotakiwa kununua chaki, kuchapa mitihani, kukarabati kitasa na dirisha, kulipia michezo na karatasi za ofisi.

Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi, ni fungu lake tofauti. Haitoki kwenye ruzuku, na kamati isiichanganye.

Ruzuku inakwama mahali pawili. Kwanza, inafuata takwimu zilizoingizwa kwenye mfumo, si vichwa vilivyo darasani leo. Shule ikipokea watoto 250 wapya Januari na takwimu zikachelewa kurekebishwa, inawalisha chaki watoto 250 kwa fedha za wenzao. Kamati ihakikishe takwimu zinalingana na rejesta darasa kwa darasa. Pili, fedha inaingia kwenye akaunti bila wazazi kujua. Utaratibu unataka mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo, na malipo yatanguliwe na muhtasari wa kikao cha kamati. Ukisaini muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, jina lako ndilo litakalosomwa mkaguzi wa ndani akija. Mapokezi yanaonekana kwenye FFARS, mfumo wa kielektroniki wa hesabu za shule, na mwalimu mkuu anaweza kuwachapishia.

Sasa pima shule hiyo hiyo ya 1,800 kwa viwango vya serikali. Darasa moja wanafunzi 45, kwa hiyo vyumba 40. Tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nusu kwa nusu ni matundu 45 ya wasichana na 36 ya wavulana, jumla 81. Kama shule ina vyumba 14 na matundu 18, pengo ni vyumba 26 na matundu 63. Ruzuku ya 900,000 kwa mwezi haiwezi hata kuligusa hilo. Majengo yanatoka kwenye miradi ya maendeleo kama BOOST, mapato ya ndani ya halmashauri, mfuko wa jimbo na nguvu za wananchi. Ndiyo maana kumbana mwalimu mkuu kuhusu vyumba ni kupoteza kikao. Mbane kwa ruzuku, rejesta na ufundishaji.

Jambo la Mwanza hasa: fedha za ujenzi huja kwa bei moja nchi nzima. Mradi wa UVIKO-19 mwaka 2021 ulitoa milioni 20 kwa chumba, iwe tambarare ya Kwimba au mwamba wa Mabatini. Kwenye mteremko wa mawe msingi unapanda kama ukuta wa nyumba: mawe ya kuvunja, kifusi cha kujaza, na nondo zaidi. Fedha inaishia kwenye lenta, na jengo linabaki boma. Kabla ya kukubali eneo la kujenga, kamati ya ujenzi imwombe mhandisi wa halmashauri apime mteremko na aandike makadirio ya msingi peke yake. Kama msingi unakula zaidi ya ilivyokadiriwa, hilo lijulikane kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Kwa kazi zinazotumia mafundi wa jamii lazima pia muwe na kamati tatu tofauti, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayenunua asiwe anayepokea.

Mzazi_Kishili:

Asanteni sana wakuu, hii ni elimu tosha. Je, michango? Wazazi wako tayari kuchangia boma la vyumba viwili, ila kila mtu anaogopa.

Nyasaka_Juu:

Dada au kaka, michango haijakatazwa, kilichokatazwa ni kulazimisha na mwalimu kushika fedha. Mzazi bado ana wajibu wa sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto wake. Mchango wa ujenzi uanzie kwenye mkutano wa wazazi wenye orodha ya mahudhurio, upite kamati, WDC, ufike kwa Mkurugenzi, na kibali cha Mkuu wa Wilaya kipatikane kabla ya shilingi ya kwanza kukusanywa. Fedha ikusanywe na serikali ya mtaa kwa stakabadhi. Mtoto asirudishwe nyumbani hata siku moja kwa sababu mzazi hajatoa. Hapo ndipo kamati nyingi zinapoharibu.

Na msianze msingi wa vyumba vinne kwa fedha ya viwili. Maboma yanayokamilishwa na serikali yamekuwa yakipewa milioni 12.5 kwa chumba, na hiyo ni kwa boma lililofika usawa wa kupauliwa, kuta zimenyooka na mhandisi amelikagua. Boma lililojengwa bila ramani ya TAMISEMI linakataliwa hata likiwa zuri.

Hisabati_Kwanza:

Nijibu la matokeo, maana hapa wazazi wanadanganyika bila mtu yeyote kuwadanganya.

Darasa la saba lina masomo 6, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja A linaanza 241, B 181, C 121, D 61, chini ya hapo ni E. "Amefaulu" maana yake A, B au C, yaani alama 121 kati ya 300. Kwa somo moja moja, C inaanza alama 21.

Mchukue mtoto huyu: Kiswahili 42, Maarifa ya Jamii 30, Uraia na Maadili 28, Sayansi 22, Kiingereza 9, Hisabati 6. Jumla 137. Amefaulu kwa daraja C na anapangiwa kidato cha kwanza, ambako masomo mengi yatafundishwa kwa Kiingereza alichopata 9, na Fizikia itamdai Hisabati aliyopata 6. Ndiyo jibu la swali lako kuhusu kugawanya. Asilimia ya ufaulu haikuahidi kwamba anaweza kugawanya.

Kwa hiyo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani usiishie kwenye asilimia. Fungua ukurasa wa shule, tafuta wastani wa shule kati ya 300. Shule mbili zinaweza zote kuwa na ufaulu wa asilimia 85, moja ikiwa na wastani wa 190 na nyingine 135. Ya pili watoto wake wamerundikana mlangoni mwa C, na mtihani ukiwa mgumu kidogo mwaka ujao wengi wataanguka. Kisha shuka kwenye jedwali la masomo, usome wastani wa Hisabati na Kiingereza kati ya 50. Andika namba hizo za miaka mitatu mfululizo kwenye karatasi moja. Mwaka mmoja peke yake hausemi kitu, hasa kwa shule yenye watahiniwa wachache.

Msisubiri la saba. Upimaji wa darasa la nne ndio unaotoa nafasi ya kurekebisha, una miaka miwili au mitatu mbele yake. Kama Hisabati ya la nne ni E kwa nusu ya darasa, kamati ikae Januari ile ile na mwalimu mkuu na kuuliza vipindi vya marekebisho vimepangwa lini na na nani.

Kuhusu kushindanisha shule: tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotoka Januari 2023, Baraza liliacha kutangaza kumi bora. Mimi naona walifanya vema. Shule ya bweni inayochagua watoto na shule ya kata inayopokea kila mtoto wa mtaa hazikuanza mstari mmoja.

Mwalo_Kayenze:

Nakubaliana na Hisabati_Kwanza kwa mengi, ila hesabu yake inaanza na watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Kwetu pwani ya ziwa na visiwani hilo ndilo pengo lenyewe. Bezi, Kome, Maisome, Ukara, visiwa vya Ukerewe, shule inaweza kuwa na ufaulu mzuri kwa sababu wanyonge walishatoka njiani.

Chukua rejesta ya darasa la kwanza la miaka saba nyuma. Tuseme walianza 310. Waliosajiliwa la saba 205, waliofanya mtihani 198, waliofaulu 160. Ukutani itaandikwa asilimia 81, na ni kweli kwa hao 198. Kwa wale 310 ni asilimia 52. Kabla ya kumlaumu mtu toa waliohama kwa rejesta ya uhamisho, maana wavuvi wanahama na watoto wao mwalo hadi mwalo, yaani ufukwe mmoja wa kushushia samaki hadi mwingine, na hesabu pia wanaorudia la nne. Wanaobaki bila maelezo ndio watoro wa kudumu. Hao majina yao yapelekwe kwa mtendaji wa kata, mmoja mmoja, na jina la mzazi.

Utoro wetu una kalenda. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Kukipambazuka dagaa wako mchangani wanaanikwa, na mikono midogo inahitajika asubuhi ile ile ya kipindi cha kwanza. Weka rejesta ya mahudhurio pembeni ya kalenda ya mwezi kwa miezi mitatu. Kama utoro unapanda wiki za giza na kushuka mbalamwezi ikitoka, tatizo liko mwaloni, na viboko shuleni havitalitatua. Hapo kamati ikae na BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kwa sababu wao wanawajua wenye mitumbwi na wenye vichanja. Makubaliano ya maana ni moja tu: mtoto wa umri wa shule haonekani kwenye vichanja kabla ya saa nane mchana. Kiongozi wa mwalo akilisimamia, rejesta inabadilika ndani ya giza moja au mawili.

Kwa visiwani pia kumbukeni gharama ya boti. Mdhibiti ubora anayekwenda Igoma anapanda daladala, anayekwenda kisiwani anahitaji mafuta ya boti na ziwa tulivu. Kama shule yenu haijatembelewa muda mrefu, ombeni ratiba kwa maandishi. Na mtoto wa kike aliyeacha kwa ujauzito asihesabiwe kama amepotea: waraka wa Novemba 2021 unamruhusu kurudi kwenye mfumo rasmi, na wengi hawajaambiwa.

Mzazi_Kishili:

Nimeelewa hesabu ya 310. Swali la mwisho: nasikia 2027 la sita na la saba watamaliza pamoja. Hilo linatugusaje kamati ya shule ya msingi?

Kalamu_Nyekundu:

Linawagusa moja kwa moja, na halmashauri nyingi zitashtuka dakika za mwisho.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa la tatu mwaka huo wanamaliza msingi wakiwa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa la nne wanabaki na utaratibu wa zamani, wanamaliza la saba, mwaka huo huo. Makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028, na sera ya sasa inasema elimu ya lazima ni miaka 10, kwa hiyo hesabu salama ni ya watoto wote, si waliofaulu tu.

Kata yenye watoto 600 kwa kila darasa, kwa mwaka wa kawaida wenye ufaulu wa asilimia 80, inapeleka 480. Kwa 40 kila chumba ni vyumba 12. Januari 2028 kata hiyo hiyo inaweza kupeleka 1,200, yaani vyumba 30, na madawati, viti na matundu ya choo kwa kiwango hicho. Wimbi hilo linabaki ndani ya sekondari miaka minne. Upande wa msingi, darasa la saba likiondoka, mnapata vyumba. Hivyo vyumba viandikiwe kazi mapema, kwanza kupunguza msongamano wa la kwanza na la pili, kabla havijageuzwa stoo na ofisi.

Fedha za vyumba vya Januari 2028 haziwezi kuombwa Desemba 2027. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mipango ya shule na kata inapanda halmashauri kati ya Oktoba na Desemba, Baraza la Madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka, Bunge linamaliza Juni. Bajeti ya 2027/28 inaacha miezi sita tu kati ya Julai na kufungua shule, na fedha za maendeleo hazishuki zote kwa siku moja. Bajeti salama ni ya 2026/27. Kwa hiyo ajenda ya WDC iwe na karatasi moja: idadi ya la sita na la saba kwa kila shule ya kata, za serikali na binafsi, vyumba vya sekondari vilivyopo, pengo, na eneo lenye hati. Bila eneo lenye hati halmashauri haiwezi kuweka mradi, na Kishili, Buhongwa na Lwanhima viwanja vinaisha kila mwezi. Mwombeni mtendaji wa mtaa ramani ya upimaji, muone kama kiwanja cha shule bado kipo wazi au kimevamiwa. Kama kimevamiwa, anzeni na hilo.

Mkinyimwa takwimu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Andikeni barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa mtendaji wa kata, tajeni taarifa mnayoitaka kwa jina na mwaka wake, na hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.